Kabla mtoto hajajiita mvivu, mpeleke apimwe

Karatasi ile sikuandikiwa mimi. Ilikuwa imekunjwa mara nne, ikatoka pamoja na majibu ya kipimo cha malaria kwenye mfuko wa sketi ya shule ya binti wa miaka 15, mwanafunzi wa kidato cha pili. Nitamwita Rehema. Si jina lake, na baadhi ya mambo yake nimeyabadilisha ili asitambulike. Yeye na mama yake wamekubali nisimulie.

Rehema aliletwa hospitalini kwa sababu alianguka mstarini asubuhi. Zahanati ya karibu na kwao ilimpima malaria, haikuonekana. Mama alikuja na maelezo yake tayari.

"Daktari, huyu asubuhi hanywi chai, usiku yuko na simu. Na uvivu pia upo, nisikufiche. Nimeshamwambia mwaka huu ukiisha hivi, namtoa shule nimpeleke kwa fundi cherehani."

Foleni nje ilikuwa ndefu. Nami nilikuwa nimeshaandika neno "uchovu" kwenye faili, nikiwa na ushauri wa dakika mbili mdomoni: kula asubuhi, lala mapema, njoo hali ikirudi. Nikaifungua ile karatasi nikidhani ni majibu mengine ya maabara.

Kumbe ilikuwa kazi aliyopewa shuleni na mwalimu wa ushauri nasaha. Ilikuwa na safu tatu: nguvu zangu, udhaifu wangu, ujuzi ninaotaka kujenga. Kwenye nguvu aliandika "naimba kwaya", basi. Kwenye ujuzi hakuandika kitu. Safu ya udhaifu ndiyo ilijaa mpaka ukingoni: "Mvivu. Nasinzia darasani. Nasahau. Sina akili ya hesabu. Sipendi michezo. Nikipanda ngazi za ghorofani moyo unadunda mpaka nakaa chini."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonizuia. Mvivu hapandi ngazi. Huyu alikuwa anazipanda kila siku, na akifika juu mwili unamsimamisha. Niliweka kalamu chini nikaanza upya, na safari hii nilimuuliza yeye, si mama yake.

Damu ilikuwa 6.8

Nilimfunua kope za chini na kutazama viganja vyake, vilikuwa vyeupe. Moyo ulikuwa unakwenda mbio ingawa amekaa. Nikamuuliza kuhusu hedhi. Alimtazama mama yake kwanza, kisha sakafu. Kwa sauti ndogo akasema hutoka damu siku tisa, wakati mwingine kumi, na siku za mwanzo pedi hujaa ndani ya saa moja au mbili. Kwa kuwa pakiti moja haimfikishi mwisho, huongezea vipande vya kitenge. Nikamuuliza kama kuna kitu kisicho chakula anachopenda kutafuna. Akacheka kwa aibu. Mchele mbichi, kila siku, anauweka mfukoni.

Kipimo kilionyesha hemoglobini ya gramu 6.8 kwa desilita moja ya damu. Kwa msichana wa umri wake tunatarajia angalau 12. Maana yake alikuwa anakwenda shule, anateka maji, anaosha vyombo na kukaa darasani akiwa na karibu nusu tu ya kinachotakiwa kusafirisha hewa ya oksijeni mwilini.

Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe miezi yote hii nilikuwa nagombana na damu."

Upungufu wa damu unaotokana na uhaba wa madini ya chuma ni wa kawaida sana kwa wasichana waliovunja ungo. Mwili unakua kwa kasi, damu inatoka kila mwezi, na chakula cha nyumbani mara nyingi hakifidii. Huja polepole, na hiyo ndiyo hatari yake. Mwili unazoea, mtoto anazoea, na nyumba nzima inazoea kumwona amelala kitandani saa kumi jioni. Dalili zake zinafanana mno na tabia mbaya: kusinzia, kusahau, hasira za karibu, kukwepa kazi, kushindwa kukaza akili kwenye jambo moja. Hamu ya kula udongo, barafu au mchele mbichi nayo ni dalili ya kuuliza, si tabia ya kuchekwa.

Wazee wetu walikuwa na neno safura, ugonjwa wa minyoo inayojishikiza kwenye utumbo na kunyonya damu, na mgonjwa wake alijulikana kwa weupe na ulegevu. Minyoo hiyo ipo hadi leo, hasa pale watoto wanapotembea peku kwenye ardhi yenye kinyesi. Kwa hiyo tulipima choo pia. Tulipima selimundu, kwa sababu Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo, na mwenye selimundu hupungukiwa damu kwa sababu nyingine. Vidonge vya madini ya chuma vinaweza visimsaidie. Ndiyo maana nawasihi wazazi msinunue dawa ya kuongeza damu na kumpa mtoto kabla hajapimwa. Na kwa kuwa hedhi yake ilikuwa nyingi tangu ya kwanza kabisa, tulipima pia kama damu yake inaganda inavyotakiwa.

Kwa Rehema majibu yalielekeza kwenye hedhi na uhaba wa madini ya chuma. Alipata dawa ya kupunguza damu ya hedhi na vidonge vya madini ya chuma. Nilimweleza mapema kwamba choo kitakuwa cheusi na tumbo linaweza kusumbua, asije akaogopa na kuviacha. Nilimweleza pia kwamba hata damu ikipanda hadi kiwango cha kawaida, ataendelea na vidonge kwa takriban miezi mitatu ili kujaza akiba ya mwili. Wengi huacha wiki ya tatu kwa sababu wanajisikia vizuri, kisha tunaonana tena baada ya miezi michache, palepale tulipoanzia.

Kuhusu chakula, maini, nyama, dagaa, maharage na mboga za majani vyote vina nafasi. Chungwa au limau pamoja na mboga husaidia mwili kufyonza madini hayo. Chai huzuia. Mnywe chai, lakini isiandamane na mlo wala na kidonge. Acheni saa moja au mbili katikati.

"Mvivu" ni hukumu, "nasinzia kipindi cha nne" ni dalili

Nilirudi nyumbani nikiwaza jinsi watu watatu tulivyompa Rehema majina. Mama alimwita mvivu. Yeye mwenyewe akajiita mvivu na kuongeza kwamba hana akili. Mimi, mwenye shahada ya udaktari, nikaandika "uchovu" na kutaka kufunga faili. Kila mmoja alitumia neno moja, na kila neno lilizuia swali linalofuata.

Mgonjwa akiniambia "mimi ni mgonjwa", hajanipa kitu. Nitamuuliza: wapi panauma? Tangu lini? Inazidi wakati gani? Ukifanya nini inapungua? Kutokana na majibu ya maswali hayo ndipo nitajua pa kuanzia. Mwanafunzi anayejitathmini anahitaji maswali hayohayo. "Mimi ni mvivu" haina dawa. "Nasinzia kuanzia kipindi cha nne, na wiki ya hedhi ni mbaya zaidi" ina pa kuanzia. "Sina akili ya hesabu" ni hukumu. "Nakosea kila penye alama ya kutoa nje ya mabano" ni tatizo ambalo mwalimu anaweza kulitatua kwa jioni mbili.

Shule nyingi siku hizi huwapa wanafunzi zoezi hili la kuandika nguvu na udhaifu wao, na ni zoezi zuri. Ninachoomba ni kwamba safu ya udhaifu isijazwe na majina. Ijazwe na matukio: nini hutokea, lini, na baada ya nini. Na kabla mzazi hajakubaliana na orodha hiyo, ahakikishe mwili umeulizwa kwanza.

Mambo ya kuangalia kabla ya kulaumu tabia

Damu nimeisema. Macho yanafuata. Mtoto asiyeona mbali hajui kwamba haoni, kwa sababu hajawahi kuona kwa macho ya mwingine. Anadhani kila mtu huona ubao kama ukungu na kwamba wenzake wanakariri vizuri zaidi. Dalili zake ni kukaza macho, kunakili kwenye daftari la jirani, kusogelea televisheni, kuumwa kichwa baada ya shule. Nyumbani unaweza kumwambia yeye na ndugu yake wasome kalenda ya ukutani kwa umbali mmoja, jicho moja moja. Wakitofautiana sana, mpeleke kliniki ya macho.

Masikio nayo. Sikio linalotoa usaha kwa zaidi ya wiki mbili linahitaji matibabu. Si "la kawaida kwa watoto". Mtoto anayeuliza "eti?" mara kwa mara, au anayeonekana mkaidi ukimwita ukiwa nyuma yake, apimwe usikivu.

Usingizi ni wa tatu. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Sasa hesabu: anaamka saa 10 alfajiri kugombania daladala, anarudi saa 12 jioni, kazi za ndani, kazi za shule, analala saa 5 usiku. Hizo ni saa 5. Si lazima simu iwepo ili mtoto huyu asinzie. Simu ikiwepo, iwekwe chumba kingine usiku. Na anayekoroma kila siku huku akipumua kwa mdomo anaweza kuwa na nyama za pua au mafindofindo makubwa yanayomkatishia usingizi, naye aletwe.

Kuna kuzubaa ambako si utoro wa mawazo. Mtoto anakatika katikati ya sentensi, anakodoa macho kwa sekunde kadhaa, haitiki, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea na hakumbuki. Hiyo inaweza kuwa aina ya kifafa isiyoangusha mtu chini. Mwalimu humwita "mtu wa kuota mchana". Ina dawa.

Mwisho ni huzuni. Kijana aliyepoteza hamu ya vitu alivyovipenda kwa wiki mbili au zaidi, anayejitenga, asiyelala au anayelala mno, anayeandika kwamba hana thamani, huyo anahitaji kusikilizwa na kuonwa na mtaalamu. Akitamka kwamba anataka kufa, usingoje Jumatatu na usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Niongeze jambo moja lisilo ugonjwa. Mtoto aliyeongoza darasa la saba kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza ambako masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, anaweza kuamini ubongo wake umeharibika likizo ile. Haujaharibika. Amebadilishiwa lugha. Andiko lake la udhaifu lisiwe "nimekuwa mjinga", liwe "maneno ya Kiingereza ya somo la biolojia yananipita".

Damu ilipanda, hesabu zilibaki

Baada ya mwezi mmoja damu ya Rehema ilikuwa 9.4. Baada ya miezi mitatu ilifika 12.1. Hasinzii, anapanda ngazi, na mama yake alinieleza kwa mshangao kwamba mtoto amerudi kuwa mbishi. Nilifurahi. Ubishi unataka nguvu.

Lakini hesabu hazikupanda na damu. Alileta daftari lake, nami nikamwambia ukweli: sasa macho yamefunguka, mashimo ndiyo yanaonekana. Kwa mwaka mzima alikuwa darasani akiwa nusu amelala, na milinganyo ya kidato cha kwanza ilimpita. Dawa inamrudisha kwenye mstari wa kuanzia. Haimkimbizii mbio zake. Nalisema hili kwa sababu kuna wazazi ambao, ugonjwa ukishapatikana, huutumia kama sababu ya kila kitu, na mtoto akanyimwa nafasi ya kujifunza. Hilo nalo linamwonea.

Nilimuuliza anasomaje. Akasema anasoma daftari mara tatu au nne mpaka alielewe. Wengi husoma hivyo, na ndivyo nilivyosoma mimi miaka yangu ya mwanzo ya chuo, nikiingia kwenye mtihani na uhakika uliokuwa unayeyuka kwenye swali la pili. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walionyesha kwa nini. Wanafunzi waliorudia kusoma andiko walijiona wanalijua, na dakika chache baadaye kweli walikumbuka zaidi. Lakini baada ya wiki moja waliokumbuka zaidi walikuwa wale waliofunga andiko na kujaribu kulieleza kwa kumbukumbu, ingawa wao walikuwa na uhakika mdogo zaidi.

Kwa hiyo hata hisia ya "nimeelewa" yafaa ipimwe, kama damu inavyopimwa. Funga daftari. Chukua karatasi tupu. Andika unachokumbuka, fanya swali bila kutazama mfano, kisha fungua uone ulipokosea. Pale ulipokosea ndipo pa kusoma kesho. Kosa hilo si aibu. Ni majibu ya maabara.

Nguvu iliyomficha

Bado kulikuwa na safu ya nguvu yenye "naimba kwaya" peke yake. Nilimwambia: "Mwanangu, kuna mtu alikwenda shule kila siku akiwa na damu 6.8. Mtu huyo ana nini?" Akafikiri. "Uvumilivu?"

Ndiyo. Na hapo nilimweleza jambo ambalo ningependa kila mzazi alisikie. Uvumilivu huohuo ndio uliomchelewesha. Tumewafundisha watoto wetu, hasa wasichana, kwamba mvumilivu hula mbivu, tukasahau kuwafundisha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Rehema alijua hedhi yake si kama ya wenzake. Alivumilia kwa sababu alidhani ndiyo heshima, na kwa sababu kumwambia mama kwamba pedi hazitoshi kungeonekana ni kuomba hela.

Kila nguvu ina upande wake wa pili. Mwenye bidii hushindwa kupumzika. Mtulivu haulizi swali. Mcheshi hujificha nyuma ya utani pale asipoelewa. Mtoto akiandika nguvu yake, muulize: "Lini imekusaidia? Lini imekuponza?" Jibu la swali la pili mara nyingi ndilo ujuzi anaohitaji kujenga. Kwa Rehema ulikuwa kusema mapema.

Na kusema mapema hujifunzwa kama hesabu zinavyojifunzwa, kwa mazoezi madogo. Tulikubaliana aanze na sentensi moja kwa mwalimu wa darasa: "Mwalimu, sikuelewa hatua ya tatu." Na moja kwa mama: "Mama, mwezi huu imetoka nyingi." Mama alikuwa amekaa palepale anasikia. Akasema, "Ukiniambia sitakugombeza."

Wewe mzazi unaanzia wapi?

Wiki hii, muulize mwanao aandike safu hizo tatu. Usimsahihishie mwandiko wala usimbishie. Tafuta maneno ya hukumu: mvivu, mjinga, mzito, mkaidi. Kwa kila neno, muulize, "Hiyo hutokea wakati gani?" Mwache aeleze mpaka neno ligeuke kuwa tukio. Ikiwa tukio linagusa mwili, yaani usingizi, kuona, kusikia, kupumua, maumivu, hedhi au huzuni, njoo naye hospitali, na uje na hiyo karatasi. Itaokoa muda wangu na wako. Kwa binti, mpe pia nafasi ya kuzungumza na mhudumu wa afya peke yake kwa dakika chache. Kuna majibu ambayo hayatoki mzazi akiwa chumbani, hata mzazi mwema.

Ikiwa tukio ni la masomo, lipeleke kwa mwalimu likiwa dogo kadiri inavyowezekana. "Mwanangu hawezi hesabu" haimsaidii mwalimu mwenye wanafunzi wengi. "Anakosea alama za kutoa" inamsaidia.

Na kama neno la hukumu lilitoka kinywani mwako wewe, kama lilivyotoka kinywani mwa mama Rehema na nusura litoke kwenye kalamu yangu, mwambie mtoto kwamba ulikosea. Hatakudharau. Atajua kwamba mtu mzima naye hujitathmini.

Mara ya mwisho nilipomwona, Rehema alinionyesha karatasi ileile. Aliigeuza na kuandika nyuma yake. Neno "mvivu" halikuwepo. Kwenye udhaifu aliandika: "Alama za kutoa kwenye mabano. Naogopa kunyoosha mkono." Kwenye ujuzi: "Swali moja kwa siku. Kufanya hesabu daftari limefungwa. Kusema mapema." Kwenye nguvu aliandika mambo manne, na la nne lilikuwa limekatwa, likaandikwa upya: "Navumilia, lakini nasema."

Kidato cha tatu ameingia. Kwa fundi cherehani huenda Jumamosi, kwa sababu anapenda.